Utabiri wa Vuli Utolewe na Hesabu Zake

Septemba ikielekea ukingoni, kusi huanza kulegea katika pwani ya Afrika Mashariki. Mabaharia hukiita kipindi kinachofuata tanga mbili, kwa kuwa upepo huvuma huku na kule kabla kaskazi haijatulia. Jua limekwisha kuvuka ikweta kwenda kusini, na ukanda wa mvua hulifuata nyuma. Bara, kwenye tambarare za Same na Mwanga, wapo wakulima wanaopanda kavu: wanafukia punje za mahindi mbili mbili katika vumbi lisilo na unyevu hata chembe, ili mvua ya kwanza izikute zimo ardhini. Mvua hiyo ikinyesha siku mbili kisha ikakata kwa wiki tatu, mbegu huota na kunyauka. Fedha za kununua mbegu mara ya pili wengi hawana.

Ni mkulima huyo hasa anayepaswa kufaidika na utabiri wa vuli. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Agosti, kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, huwakutanisha wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake kujadili mvua za Oktoba hadi Desemba. Baada ya hapo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda, hutoa taarifa za nchi zao.

Taarifa hizo zina msingi imara kuliko wengi wanavyodhani. Masika husumbua hata wataalamu wenye kompyuta kubwa, lakini vuli hutabirika kwa nafuu, kwa sababu imefungamana na joto la bahari, nalo hubadilika polepole. Maji ya Bahari ya Hindi yakiwa ya moto kuliko kawaida upande wa Afrika na ya baridi upande wa Sumatra, hewa yenye unyevu hupanda juu karibu na pwani hii na mvua huzidi. Hali ikigeuka, mawingu huhamia Indonesia na Australia, na huku ukame hubisha hodi. Wanasayansi huiita hali hiyo Dipole ya Bahari ya Hindi. El Niño ya Pasifiki mara nyingi huichochea, ingawa bahari hizi mbili haziendi pamoja kila mara.

Miaka mitatu inatosha kuonyesha jambo hilo. Mwaka 1997 zote mbili ziliwaka kwa pamoja, na mafuriko yaliyofuata yakalifanya jina la El Niño liwe la kutisha hadi vijijini. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zile kali kabisa kuwahi kupimwa, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na tofauti kubwa ya joto kama ile ya 1997. Mafuriko yalitokea sehemu kadhaa bila kufikia kipimo kile, na watu wakaanza kusema wataalamu wamedanganya. Kisha ikaja 2019. El Niño ya maana haikuwapo, ila Dipole ilikuwa na nguvu zisizo za kawaida. Mvua ilimwagika Oktoba hadi Desemba, na mwezi Novemba maporomoko ya ardhi Pokot Magharibi yakaua makumi ya watu.

Kosa kubwa linafanyika katika namna ya kuwasilisha taarifa. Ramani ya ICPAC hugawa uwezekano katika mafungu matatu: mvua za juu ya wastani, za wastani, na za chini ya wastani. Tuseme eneo fulani limeandikiwa asilimia 45, 35 na 20. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi yenye dalili kama hizo, minne au mitano itakuwa na mvua nyingi, na miwili itakuwa mikavu. Lakini habari ikifika redioni hesabu zimekwisha kudondoka njiani. Kinachosikika ni kwamba mvua kubwa zinakuja. Mwaka ukiangukia katika ile miwili, mkulima huona amelaghaiwa, na safari nyingine hasikilizi tena.

Hatari ipo pia upande wa pili. Mapema Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño iliyokuwa ikiogopwa haitakuwapo tena. Ilikuja, na Dipole ikiwa nayo. Kabla mwaka haujaisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini humo, na Desemba 3 tope la Mlima Hanang likashukia mji wa Katesh, Manyara, nchini Tanzania, na kuua zaidi ya watu 80. Hakuna utabiri wa msimu unaoweza kutaja mlima utakaoporomoka. Unachoweza ni kuweka watu macho kwa miezi mitatu, na kauli moja ya kutuliza huwarudisha usingizini.

Wapo wanaodai kwamba mwanakijiji hawezi kuelewa asilimia. Dai hilo halina heshima. Huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi wanaosoma miti, wadudu na pepo wamekuwa wakikaa na wataalamu wa hali ya hewa, wakilinganisha dalili zao na kukubaliana ujumbe mmoja kwa lugha ya wenyeji. Mkulima hupima bahati kila anaposhika jembe. Akijua kuna nafasi mbili kati ya kumi za ukame, atatenga kipande cha mtama pembeni ya mahindi.

Serikali nazo zina shida yao, na hii ni ya kalenda. Tanzania na Kenya hupitisha bajeti mwezi Juni; utabiri wa vuli hutoka Agosti. Dalili zinapojulikana, fedha zimekwisha kugawanywa, hivyo mitaro ya Jangwani, Dar es Salaam, husubiri maji yaingie nyumbani kwanza. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilipoharibika Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya: maonyo yalitangulia, misaada ikachelewa. Bunge linaweza kutenga fungu mwezi Juni na kuweka kiwango kabisa, kwamba uwezekano wa mvua nyingi au wa ukame ukipita asilimia fulani, halmashauri ya eneo hilo ipokee fedha Septemba bila kuomba upya, izibue mitaro, inunue mbegu za muda mfupi na kujaza maghala kabla ya Oktoba.