Saratani ya tundu la sikio yajificha nyuma ya usaha

SIKIO linapotoa usaha, watu wengi wa mijini hukimbilia duka la dawa lililo jirani na kununua matone bila cheti cha daktari. Mazoea hayo huipa nafasi saratani ya ngozi ya tundu la sikio, ugonjwa adimu unaokadiriwa kumpata mtu mmoja hivi kati ya milioni moja kwa mwaka.

Dalili zake za mwanzo hufanana na za maambukizi ya kawaida: usaha, wakati mwingine wenye damu, maumivu, muwasho na kupungua kwa usikivu. Mgonjwa hutumia matone, hupata nafuu kidogo, kisha hali hurudi. Miezi hupita.

Tofauti na saratani nyingi za ngozi, hii haielezwi kwa jua, kwani jua halifiki ndani ya tundu hilo. Huhusishwa zaidi na maambukizi ya sikio ya muda mrefu. Kwa hiyo, kinachoificha ndicho pia kinachodhaniwa kuichochea.

Hatari yake inatokana na maumbile. Tundu lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na sehemu yake ya ndani imezungukwa na mfupa uliofunikwa kwa ngozi nyembamba mno. Uvimbe huufikia mfupa huo mapema, kisha huukaribia mshipa wa fahamu unaoongoza misuli ya uso. Kwa utaratibu wa Pittsburgh, uliotolewa mwaka 1990 na kurekebishwa mwaka 2000, mgonjwa aliyepooza uso kwa sababu hiyo huwekwa katika hatua ya nne, ambayo ni ya mwisho.

Ukigundulika mapema, upasuaji, pamoja na mionzi inapobidi, huwaponya wengi. Nchini Tanzania mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Hata hivyo, hakuna mashine inayorudisha miezi iliyopotea. Kinachohitajika mwanzoni ni daktari kulichungulia sikio, kukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara. Kupima usaha pekee hakutoshi.

Ni kweli kwamba masikio mengi yanayotoa usaha hayana saratani. Lakini mtu mzima ambaye sikio lake halikupona baada ya wiki kadhaa za tiba sahihi anapaswa kumwona mtaalamu wa masikio, pua na koo, badala ya kurudi dukani kununua chupa nyingine.