Mchumba Anataka Harusi, Moyo Wangu Uko Maabara

Meseji zenu zinaendelea kumiminika. Safari hii nimeamua kuipa nafasi moja tu, kwa sababu najua mabinti kibao mmo ndani yake, na wazazi wenu pia.

Imetoka kwa msomaji wa Mikumi, wilayani Kilosa. Ana miaka 21. Anasema hivi: "Dada, nimepata nafasi ya kusomea usaidizi wa maabara, miaka miwili. Mchumba wangu ni dereva wa malori ya barabara ya Zambia. Ameshatoa kishika uchumba na anataka harusi mwaka huu huu. Anasema hawezi kuoa mwanamke wa kuchungulia mikojo na vinyesi vya watu. Mama naye ananiambia nisichezee bahati. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, bahati ipi hiyo anayoisema mama? Maana mimi hapa naziona mbili. Tuzipime zote, kisha uamue mwenyewe.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Tuanze na hao wanaodharau. Ni kweli, mtu wa maabara anapokea mkojo, choo, makohozi na damu. Lakini tuambiane ukweli: daktari bila maabara anabahatisha. Homa ya malaria na homa ya taifodi zinaweza kumlaza mtu kitandani kwa namna ile ile, kichwa kile kile, mwili ule ule unaochemka. Anayekuja kusema hii ni ipi ni yule aliyeinama kwenye hadubini huko chumba cha ndani, ambaye mgonjwa hata sura yake haikumbuki.

Chukua kipimo cha malaria tu. Tone la damu linawekwa kwenye kioo, linakaushwa, linatiwa rangi, ndipo linasomwa. Na kusoma kwenyewe si kutupia jicho na kuandika "hakuna". Utaratibu unataka mpimaji apitie angalau maeneo 100 ya kioo hicho kabla ya kutamka kwamba vimelea havikuonekana. Akiwa mvivu akaishia kumi, mtoto wa mtu anarudi nyumbani na malaria yake. Hapo bado hujagusa kundi la damu. Mama anayetoka damu nyingi wakati wa kujifungua akiongezewa damu isiyoendana na yake, inaweza kumuua. Kuchungulia gani huko kwa kuchekwa!

Na ninyi watu wa Morogoro mna sababu zaidi ya kuiheshimu kazi hii. Shika barabara inayochepuka hapo Mikumi, pita Kidatu mpaka Ifakara: huko utafiti wa magonjwa ulianza na maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana dunia nzima kwa kazi zake za malaria. Mjini Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Wenyewe wanasema panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtu wa hadubini angeihangaikia hata siku nne. Lakini panya akishaonyesha sampuli yenye shaka, nani anathibitisha? Mtu wa maabara! Hata panya anamtegemea.

NJIA YA KUFIKA

Sasa kwa ninyi mnaotaka kufuata nyayo, sikilizeni vizuri maana mjini matapeli ni wengi.

Kwanza, usichanganye vyuo. Kilosa kuna chuo cha afya cha siku nyingi, lakini kinajulikana kwa kutoa matabibu, na tabibu na mtu wa maabara ni fani mbili tofauti. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975, vinafundisha ufundi wa aina nyingi, lakini cheti cha maabara ya hospitali hakipatikani huko. Unatakiwa chuo cha afya chenye kozi ya sayansi ya maabara. Serikali ina chuo cha fani hiyo Singida, na kwa stashahada wapo Muhimbili kule Dar es Salaam na Bugando kule Mwanza. Vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi pia vipo.

Pili, matokeo. Kidato cha nne unahitaji angalau ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na Biolojia na Kemia usiyakose. D inahesabika. Masharti mengine hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika unaotolewa na NACTVET, ile iliyokuwa ikiitwa NACTE. Humo humo ndimo utakapoona kama chuo unachokitaka kimesajiliwa na kama kozi yenyewe imeruhusiwa. Chuo kikiwa na ghorofa na bango zuri lakini humo hakimo, kimbia! Nasema hivyo kwa sababu baada ya masomo unatakiwa utambuliwe na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Bila hilo, cheti chako ni pambo la ukutani.

Tatu, ngazi. Mwaka wa kwanza na wa pili unapata astashahada, ndiyo ngazi ya msaidizi wa maabara. Msaidizi anafanya kazi chini ya usimamizi wa mteknolojia. Ukiongeza mwaka wa tatu unapata stashahada na unakuwa mteknolojia mwenyewe. Wengine wanaanza kazi na cheti, wanajipanga, wanarudi baadaye. Hakuna ubaya.

Nne, pesa. Ada zinatofautiana sana, na juu ya ada kuna koti jeupe, vitabu, malazi na nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo. Kaeni na wazazi mpige hesabu ya miaka yote miwili, siyo ya muhula wa kwanza tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele, zikiwemo baadhi za afya. Angalia kama yako imo. Na usidanganywe kwamba ajira inakusubiri mlangoni. Nafasi za serikali zinagombewa, na wengi huanzia kwenye maabara za watu binafsi.

Tano, mwili wako. Ukichomwa na sindano iliyomtoa mtu damu, usione aibu wala usifiche. Osha kwa maji na sabuni, toa taarifa papo hapo, maana dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Chanjo ya homa ya ini aina B nayo uipate kabla hujaanza kushika sampuli.

HAYA, TURUDI KWA BWANA MCHUMBA

Mdogo wangu, sitakuambia umwache. Mtu aliyejitokeza kwa wazazi na kutoa kishika uchumba ana nia, na siku hizi nia nayo ni bidhaa adimu. Ila nataka usikie kilicho chini ya maneno yake. Sidhani kama tatizo ni mkojo. Dereva anayelala Tunduma leo na Dar keshokutwa anajua fika umbali unafanya nini kwenye mapenzi. Anaogopa atatoa mahari halafu wajanja wa chuo wakuchukue. Pengine pia anaogopa mke atakayejua mambo ya vipimo kuliko yeye. Woga huo hauondoki kwa kununiana, unaondoka kwa mazungumzo.

Kaa naye akiwa amepumzika, siyo gari likiwa linanguruma. Mwambie harusi inasogezwa, haifutwi. Mpe tarehe. Nafasi ya chuo usiporipoti kwa wakati anapewa mwingine, lakini mwanaume anayekupenda hatolewi kwa sababu umechelewa miezi kadhaa. Mpigie na hesabu: miaka miwili ni michache, na baada yake nyumba inaweza kuwa na mishahara miwili badala ya mmoja unaotegemea lori lisiharibike. Umbali nao si kama zamani. Treni ya SGR iliyoanza kazi mwaka 2024 inasimama Kilosa, na Dodoma ni pua na mdomo.

Usiende peke yako. Kama kwenu ni Wasagara, Wavidunda, Wakaguru au Waluguru, unajua fika kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ana sauti. Basi mtafute mjomba! Yeye ndiye awaite wakwe, awaeleze kwamba binti hajakataa ndoa, anaomba muda, na kwamba kishika uchumba kiko salama. Binti ukivunja ahadi, kirudishwe. Wanaume wengi wanatulia wakiona jambo limeshikwa na wakubwa, siyo maneno ya kwenye simu.

Na akikataa hata hayo? Aseme ni chuo au yeye, leo leo? Hapo, mdogo wangu, atakuwa amekupa jibu la maswali mengi ya mbele. Anayekuzuia kusoma kabla hajakuoa, akishakuoa atakuzuia nini tena? Mimi ningechukua begi langu nikapanda gari la chuo.

MDOMO NDIO MTIHANI WENYEWE

La mwisho ni la wote mnaoitamani kazi hii, na wote mnaopimwa. Kutia rangi kioo unajifunza, kuhesabu chembe za damu unajifunza. Kigumu ni kunyamaza.

Miji yetu midogo tunajuana. Kilosa mjini, Kimamba, Dumila, Mikumi, utampima mwalimu wako, jirani yako, aliyekuchukulia bwana. Shoga yako atakuja jioni na soda mkononi: "Eti mchumba wangu alikuja kwenu jana, majibu yake yakoje?" Jibu lako ni moja: "Nendeni mkapime pamoja." Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya mtu yawe siri, na inamtaka mwenye maambukizi mwenyewe amwambie mwenzi wake. Kazi ya kusambaza habari hukupewa wewe. Ukimwaga mchele kwenye kuku wengi, wagonjwa wanakimbia kituo, wanarudi wakiwa mahututi au hawarudi kabisa.

Na kina baba mnaotaka kujua kama mtoto ni wenu, msiwasumbue wadogo zetu dirishani. Maabara ya wilaya haipimi DNA. Iko sheria yake ya mwaka 2009, na kazi hiyo ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, tena kwa maombi yanayopitia watu wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama na ustawi wa jamii. Kundi la damu lililoandikwa kwenye kadi ya kliniki lisivunje ndoa ya mtu sebuleni.

Kwa hiyo binti ukijijua una mdomo usio na mlango, tafuta kazi nyingine mapema, hakuna aliyekulazimisha. Lakini kama unaweza kujua jambo zito la mtu asubuhi, ukakutana naye sokoni jioni, ukamsalimia "Shikamoo" kwa sura ile ile ya siku zote, basi wewe ndiye anayetafutwa. Hospitali zinakuhitaji, na atakayekuoa atakuwa ameoa mtu wa kutunza siri.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena mwezi ujao, panapo majaliwa.