Ufundi wa Nyumbani: Darubini ya Bei Nafuu kwa Bunduki Ndogo



Mwezi uliopita, tulipokuwa tukivaa viatu baada ya sala ya Ijumaa, ndugu yetu mmoja alinishika mkono akaniuliza jambo ambalo naona linastahili kujibiwa mbele ya jamaa wote. Amenunua bunduki iliyokwisha tumika, ya risasi ndogo ya .22, na anakusudia kumchukua mwanawe kuwinda sungura hapa Ohio, msimu utakapofunguliwa mwezi wa Novemba. Lakini macho yake, kama yangu, yamefikia umri wa kutoiona vyema ile alama ndogo iliyo kwenye ncha ya mtutu. "Bwana, darubini ya dola 300 siiwezi," akaniambia. "Hii ya dola 60 itanifaa?"

Itamfaa, kwa masharti mawili: iwe imetengenezwa kwa ajili ya bunduki ya aina hiyo, na ifungwe kwa subira. Masharti haya sikuyasoma kitabuni. Niliyajua kwa kukosea.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuwinda niliona dukani darubini kubwa, ya kupendeza, iliyoshushwa bei. Nikainunua, nikaifunga usiku juu ya meza ya jikoni kwa dakika kumi, nikaijaribu kwa risasi tatu tu. Asubuhi ya pili, sungura aliketi yadi 25 mbele yetu, ametulia. Nikalenga kichwa, nikapiga bismillahi, nikafyatua. Risasi ikampata nyuma, kwenye paja. Akaingia katika kichaka cha miiba, nasi tukamtafuta hadi adhuhuri tusimwone. Njiani mwanangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akaniuliza: "Baba, yule sasa atakufa lini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nyumbani niliikagua bunduki, nikaona kwamba skrubu za pete zilikuwa zimelegea na darubini yote ilitikisika mkononi. Kisha mzee mmoja mjuzi wa silaha akanionyesha kosa la pili: ile ilikuwa darubini ya bunduki kubwa.

Tofauti yao ni hii. Darubini nyingi za bunduki kubwa hupangwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100, na zile za .22 kwa umbali wa yadi 50 au karibu na hapo. Kitu kikiwa karibu zaidi ya umbali uliopangwa, nyuzi za kulengea huonekana kuhama juu yake kila unaposogeza jicho. Ni kama abiria anayetazama mshale wa spidi kutoka kiti cha pembeni: dereva anaona 60, yeye anaona 55. Kwa lenzi ya milimita 40 iliyopangwa kwa yadi 100, jicho likienda pembeni kabisa, kosa katika yadi 25 laweza kufika milimita 15. Kwa lenzi ya milimita 32 iliyopangwa kwa yadi 50, halizidi milimita 8. Kichwa cha sungura ni kidogo, na milimita hizo zina thamani.

Basi ukifika dukani, tazama kwanza kama kasha limeandikwa kuwa ni ya .22 na limetaja yadi 50. Kisha soma namba. Katika 4x32, namba ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji wa mara 4 watosha kwa sungura. Wanaopenda 3-9x32 hawakukosea, ila waiache kwenye 4 wakiwa porini, kwani ukuzaji mkubwa hupunguza mwanga na eneo la kuonea. Bomba liwe la inchi 1. Zile nyembamba za zamani, za robo tatu ya inchi, huwa na giza jioni. Kati ya dola 50 na 100 utapata iliyo nzuri.

Usisahau pete. Bunduki nyingi za .22, kama Marlin Model 60, zina mifereji miwili iliyochongwa juu ya mwili wake, nazo zahitaji pete za mfereji wa 3/8 ya inchi. Nyingine zina reli pana yenye mikato, na pete zake ni tofauti. Pete za huku hazikai kule. Iangalie bunduki yako kabla ya kutoa fedha.

Sasa kufunga. Toa risasi zote, fungua chemba, uikague kwa jicho na kwa kidole. Pangusa mafuta kwenye mifereji na ndani ya pete, kwani mafuta ndiyo yanayofanya darubini iteleze. Kaza sehemu za chini za pete, laza darubini, rudisha vifuniko bila kuvikaza. Weka bunduki begani ukiwa umefumba macho, kisha yafumbue. Ukiona kivuli cheusi pembeni, isogeze darubini mbele au nyuma hadi picha ijae. Kwa kawaida jicho hubaki umbali wa inchi 3 hadi 4.

Kisha inyooshe. Mafundi wa nyumba wanaijua timazi: funga uzi na nati nzito, uitundike mbali kidogo. Bunduki ikiwa imekaa sawa kwa pima maji, zungusha darubini hadi uzi wake wa wima ulale juu ya uzi wa timazi. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Zikaze barabara, lakini usitumie nguvu za kuliponda bomba.

Siku ya kulenga, anza yadi 25, bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga. Piga risasi tatu, utazame katikati yake. Kwa darubini nyingi, mlio mmoja wa kizungusho huhamisha risasi robo inchi katika yadi 100. Katika yadi 25 ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, kwa hiyo kuhamisha inchi moja kwahitaji milio 16. Ukimaliza, nenda yadi 50 usahihishe, na hapo milio 8 ndiyo inchi. Usilenge mnyama aliye yadi 100, kwani hapo risasi huwa imeshuka inchi 6 hivi.

Mambo mawili ya mwisho. Darubini ya bunduki si ya kutazamia mandhari, kwa sababu mtutu hufuata jicho, na risasi hii ndogo yaweza kwenda maili moja na nusu. Pili, sheria ya shirikisho ya Marekani humkataza silaha na risasi aliyeingia kwa viza ya muda, isipokuwa awe na ruhusa iliyotajwa, kama leseni halali ya uwindaji. Kosa hapo laweza kumtoa mtu nchini. Asiye na hakika na karatasi zake amwone mwanasheria kabla ya kugusa bunduki.

Mwaka uliofuata tulirudi mashamba yale yale. Nilikuwa nimetumia risasi 50 kwenye karatasi kabla ya kutoka. Sungura wa kwanza alianguka pale pale, na mwanangu ndiye aliyembeba hadi garini.

Ndugu yetu, usione uchungu wa kasha moja la risasi kwa mazoezi. Mnyama ana haki yake kwako.

Wabillahi tawfiq.