Mbegu za mtarakwa zisitoke kwa mti mmoja

Mfugaji wa nyanda za juu akitaka nguzo za ua, mtarakwa ndio huuliziwa kwanza. Nguzo yake haiozi upesi na mchwa huiogopa. Kwa sababu hiyo mti huu umekatwa sana, tangu enzi za ukoloni ulipokuwa ukisafirishwa ng'ambo kutengenezea penseli.

Tunawapongeza wakulima na vikundi vinavyootesha miche yake. Hata hivyo kuna swali linalosahaulika: mbegu imetoka wapi?

Mtarakwa humea wenyewe kuanzia Bara Arabu, kupitia Ethiopia, Kenya na Tanzania, hadi Zimbabwe. Misitu hiyo imetenganishwa na mabonde na nyika, na kila mmoja umezoea mvua, baridi na udongo wa kwao. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Ethiopia ulionyesha kwamba mitarakwa ya msitu mmoja si sawa na ya mwingine. Hata ndani ya msitu mmoja, miti hutofautiana.

Tofauti hizo ni akiba ya mkulima. Ukame au ugonjwa ukiingia, miti yote haifi pamoja. Mwenye kitalu anayechuma mbegu za mti mmoja ulio kando ya barabara anawauzia wateja miche ya tumbo moja. Miche hiyo ikikua na kuchavushana yenyewe kwa yenyewe, mbegu zake huelekea kuwa dhaifu. Na kwa kuwa mtarakwa hukua polepole, hasara hiyo itawakuta watoto wetu.

Dawa yake si ghali. Wataalamu wa mbegu hushauri kuchuma kwa miti isiyopungua 30, iliyoachana kwa mita 50 au zaidi, kisha kuzichanganya. Tukumbuke pia kwamba mtarakwa una dume na jike. Anayefyeka miti yote isiyozaa anaiua mbegu ya kesho.

Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI) ina kituo cha mbegu za miti huko Muguga. Tunaiomba iwafikie wenye vitalu vidogo vijijini, kwa maana miche mingi hununuliwa huko. Nawe mnunuzi, kabla ya kutoa pesa, uliza: mbegu hii ni ya msitu gani, na ilichumwa kwa miti mingapi? Muuzaji asiye na jibu, mpite uende kwa mwingine.