Mpanda Baiskeli Apumzikapo Utrecht

Mtu asafiriye peke yake kwa baiskeli hana wa kumwambia, "Nishikie kidogo." Akitaka kuingia dukani kununua mkate, mizigo yake yote imebaki barabarani, na moyo wake umebaki nayo. Ndiyo maana miji mingi humchosha kuliko njia yenyewe. Utrecht, katika nchi ya Uholanzi, ni mmojawapo wa miji ambamo msafiri wa namna hiyo aweza kushuka na kupumzika kweli.

Ashukaye melini Hoek van Holland, akitoka Uingereza, aweza kufika Utrecht kwa mwendo wa siku moja, kwa kupitia Delft na Gouda. Wala hahitaji ramani kubwa. Penye njia panda za baiskeli pamewekwa vibao vyenye namba; msafiri huziandika namba hizo kwa taratibu katika kipande cha karatasi, hukifunga kwenye usukani, kisha huzifuata moja baada ya moja.

Aingiapo mjini hukuta njia za lami nyekundu zilizotengwa kwa baiskeli. Katika barabara nyingine kuna kibao kisemacho kwamba motakaa ni mgeni humo: yaruhusiwa kupita, lakini kwa adabu. Wenyeji nao huenda mbio, hasa saa za kwenda kazini na shuleni. Mgeni na ashike upande wa kulia, aonyeshe kwa mkono atakapo kugeuka, wala asisimame ghafula ili autazame mnara wa kanisa kuu, ingawa urefu wake ni mita 112 na tamaa ya kuutazama ni kubwa.

Lakini neema yenyewe iko stesheni. Chini ya uwanja wa stesheni kuu pamejengwa mahali pa kuwekea baiskeli, penye orofa tatu na nafasi 12,500, palipokamilika mwaka 2019. Mtu huingia akiwa bado juu ya baiskeli yake, na saa 24 za kwanza hazilipiwi. Mwenye mizigo asijaribu kuinyanyua mpaka safu ya juu. Ataumia mgongo bure. Aifungue mifuko na kuitia katika makabati ya stesheni. Kwingineko mjini na afunge kufuli mbili, kwani hata katika nchi ya wapanda baiskeli, wezi wa baiskeli ni wengi.

Wageni hudhani Waholanzi walizaliwa hivyo. Sivyo. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 waliuawa katika barabara zao, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaandamana kudai mauaji yale yakome. Utrecht wenyewe, katika miaka hiyohiyo, ulikausha sehemu ya mfereji wake wa kale ili kujenga barabara kubwa ya motakaa. Ilichukua miaka mingi kukiri kosa. Mwaka 2020 maji yalikuwa yamerudishwa yote, na barabara ile haipo tena. Kando ya maji hayo ndipo pafaapo kuketi jioni na kunyosha miguu.

Aendeleaye kuelekea Ujerumani na aondoke mapema, kabla wanafunzi hawajajaa njiani. Upepo wa nchi hiyo mara nyingi hutoka kusini-magharibi, nao utamsukuma mgongoni.