Bunia: Mrija wa chakula bila chakula si matunzo

Mgonjwa aliyepasuliwa kansa ya mdomo hawezi kutafuna, na mara nyingi hawezi kumeza. Bugali na sombe vinaweza kufungua kidonda. Chakula kikikosea njia kinaingia mapafuni. Kwa hiyo waganga wanapitisha mrija mwembamba, sonde, kutoka puani hadi tumboni. Ikionekana atautumia zaidi ya wiki 4 hadi 6, unafaa ule unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Sonde inahesabiwa kuwa matunzo, lakini kinachopita ndani yake kinaachiwa familia. Hapa Bunia jamaa ndio wanaopika na kupeleka chakula hospitalini. Mwenye duka atajikaza. Je, mama aliyekimbia Djugu, anayelala chini ya turubai kambini Kigonze? Msaada ukifika ni unga, maharagi, mafuta na chumvi. Harage halipiti kwenye sonde. Uji mzito unaiziba. Uji wa maji matupu unapita vizuri, lakini mgonjwa anakonda huku tumbo limejaa, na kidonda hakiponi.

Wengine watasema: Ituri iko vitani, hali ya dharura ilitangazwa tangu Mei 2021, nani atafikiria sonde? Hoja hiyo haisimami. Hakuna anayedai mashine kubwa. Inatakiwa maziwa, unga laini wa soya, mafuta, sukari, chujio safi na maji yaliyochemshwa. Inatakiwa pia mlinzi wa mgonjwa afundishwe: kuinua kichwa na kifua cha mgonjwa wakati wa kumlisha na karibu saa nzima baadaye, kusukuma maji safi kabla na baada ya chakula, na sonde ikisogea, kutomimina kitu mpaka muganga aipime.

Basi kabla ya kisu, hospitali iulize: huyu atakula nini, wapi, kwa pesa ya nani? Asiruhusiwe kwenda kambini kabla mlinzi wake hajamlisha kwa mikono yake mwenyewe mbele ya muuguzi. Mashirika yanayogawa chakula yaandike wagonjwa hawa pembeni, wapewe kinachopita. Serikali ya jimbo ilipie wasio na kitu.

Nanyi jamaa, sonde si alama ya kifo. Msiing'oe kwa haya ya majirani.

Kumtoa mtu kansa, kisha kumwacha afe njaa na mrija puani, huko si kuponya.