Mashindano Hubebwa na Walioshindwa

Miongoni mwa wafuatiliaji wa mieleka ya vyuo vikuu vya Marekani imeota mizizi imani kwamba mashindano ya kitaifa, yanayofanyika kila mwezi Machi kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi, ni utangulizi mrefu wa usiku mmoja wa fainali, na kwamba shabiki anayeingia ukumbini Jumamosi jioni pekee hajakosa kitu cha maana. Imani hiyo huenezwa na watangazaji, hupewa nguvu na mpangilio wa ukumbi wenyewe, ambamo mikeka 8 iliyotandikwa sakafuni siku ya kwanza huondolewa hadi ukabaki mmoja tu, umeinuliwa jukwaani na kumulikwa taa, na hukubaliwa hata na watu waliokaa vitini siku zote 3. Imani hiyo ni potofu, na inawapunja vijana ambao ndio hasa wanaoyapa mashindano haya uzito wake.

Mieleka inayozungumziwa hapa ni tofauti kabisa na ile ya maonyesho ya televisheni, ambayo mshindi wake hupangwa kabla ya watu kupanda ulingoni. Pambano la kawaida la vyuo huchukua dakika 7 zilizogawanywa katika vipindi 3, na mwanamieleka hujipatia alama kwa kumwangusha mwenzake na kumdhibiti, kwa kujinasua anapodhibitiwa, au kwa kumgeuza mpinzani hadi mgongo uelekee chini. Anayefaulu kuyabana mabega yote mawili ya mpinzani mkekani humaliza pambano papo hapo. Mashindano ya kitaifa yalianza mwaka 1928 mjini Ames, jimbo la Iowa, na siku hizi ngazi ya juu ya vyuo hukusanya wanamieleka 330, yaani 33 katika kila moja ya madaraja 10 ya uzito, kuanzia ratili 125 hadi ratili 285.

Jambo ambalo waumini wa fainali hulipita haraka ni kwamba anayeshindwa mara moja hatolewi. Huhamia upande wa pili wa ratiba, unaoitwa mkondo wa faraja, ambako hawezi tena kuwa bingwa wala mshindi wa pili, lakini bado anaweza kupanda hadi nafasi ya 3, na ni kushindwa kwa mara ya pili ndiko kunakomfungisha virago. Hesabu ya njia hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Bingwa wa daraja, kwa kawaida, hushinda mapambano 5, ilhali aliyepoteza pambano lake la kwanza katika raundi ya watu 32 analazimika kushinda 7 mfululizo ili aishike nafasi ya 3, huku akipimwa uzito upya kila siku kama wenzake, kwa mwili uliokwisha kuchoka. Msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani hutajwa mara nyingi ili kuwatuliza wanyonge, lakini katika mkondo huu una uzito wa amri, kwa kuwa aliyeangushwa Alhamisi mchana ana saa chache tu za kuyameza maumivu yake kabla hajaitwa tena mkekani. Mwaka 2024, mjini Kansas City, Tyler Kasak wa Penn State alishindwa mapema namna hiyo katika daraja la ratili 149, kisha akashinda mapambano 7 mfululizo na kumaliza wa 3. Ni bingwa gani wa mwaka ule aliyedaiwa zaidi ya hayo?

Ijumaa usiku ndipo hoja hii inapofikia kilele chake, katika mapambano ambayo mashabiki huyaita mzunguko wa damu. Wakati huo kila daraja huwa limebakiwa na watu 8 katika mkondo wa faraja: wanne walioteremka baada ya kushindwa katika robo fainali, na wanne waliopambana kutoka chini hadi kuwafikia. Anayeshinda huwa na hakika ya kuwa miongoni mwa 8 bora wa daraja lake, na hivyo kupata heshima ya kitaifa iitwayo All-American, ambayo hudumu maisha yote na ambayo katika vyuo vingi humfanya mtu aandikwe jina ukutani mwa chumba cha mazoezi. Anayeshindwa hapati nafasi yoyote, na akiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, dakika hizo 7 ndizo zinazofunga maisha yake ya mieleka chuoni. Katika fainali, mtu anayeshindwa hubaki kuwa wa pili katika nchi nzima. Katika nusu fainali, wote wawili huwa tayari wamo ndani ya 8 bora. Hakuna pambano lingine katika siku hizo 3 ambalo pengo kati ya kushinda na kushindwa ni kubwa kiasi hicho, na lipo mara 40 katika usiku mmoja.

Ubingwa wa timu nao unaikanusha imani hiyo kwa namna isiyohitaji ushabiki. Alama za timu hutolewa kwa nafasi, bingwa akiletea chuo chake 16, wa pili 12, wa tatu 10, hadi wa nane anayeleta 3, na juu ya hizo huongezwa alama za kusonga mbele na za kushinda kwa kishindo. Mwaka 2021, mjini St. Louis, Penn State ilipeleka watu 4 fainali na wote 4 wakatwaa ubingwa, ilhali Iowa ilipeleka 3 na 2 kati yao wakashindwa. Kwa mantiki ya Jumamosi usiku, kombe lilikuwa la Penn State. Lilikwenda Iowa, kwa alama 129 dhidi ya 113.5, kwa sababu pamoja na hao 3, wenzao 4 waliokwisha kuonja kushindwa walirudi kupitia mkondo wa faraja, wawili wakashika nafasi ya 3, mmoja ya 4 na mmoja ya 7.

Penn State yenyewe inaonekana kuwa na somo hilo mkononi. Kocha wake tangu mwaka 2009, Cael Sanderson, alipokuwa mwanafunzi wa Iowa State alishinda mapambano 159 bila kupoteza hata moja na kutwaa ubingwa mara 4, kati ya 1999 na 2002, kwa hiyo mkondo wa faraja hakuwahi kuukanyaga. Hata hivyo, mwaka 2025 mjini Philadelphia, timu yake ilikusanya alama 177, kiwango ambacho hakuna chuo kilichokuwa kimewahi kukifikia, ikiwa na watu 3 tu katika fainali. 7 waliobaki wote walishindwa, wote wakarudi, na wote wakaingia 8 bora. Shabiki aliyefika Jumamosi usiku aliikuta timu ya pili ikiwa nyuma kwa pengo ambalo fainali zote 10 zisingeweza kulifuta.

Wapo watakaojibu kwamba historia huwakumbuka mabingwa, na watautaja mwaka 1970, ambapo Dan Gable wa Iowa State, aliyekuwa hajawahi kushindwa chuoni, aliangushwa na Larry Owings wa Washington kwa 13 kwa 11 katika fainali yake ya mwisho. Ni kweli kwamba fainali ile haitasahaulika. Lakini mfano huo unawageukia wenyewe, kwa kuwa Gable anaheshimiwa zaidi kwa aliyoyafanya baada ya kushindwa: dhahabu ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 bila kumruhusu mpinzani hata alama moja, na mataji 15 ya timu aliyoiongoza Iowa kuyapata akiwa kocha.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mkondo wa faraja hauna mvuto kwa mtazamaji, kwamba mapambano yake ni mengi, yamerundikwa kwenye mikeka mingi, na baadhi ya wanamieleka waliovunjika moyo au kuumia hujitoa. Hayo yote yapo, na sehemu kubwa yake ni matokeo ya ratiba. Mzunguko wa damu huchezwa katika kikao kimoja na nusu fainali, kwa hiyo macho na kamera huelekea kwa watu ambao tayari wana heshima mkononi, huku pembeni kijana wa mwaka wa mwisho akimalizia safari yake bila hata jina lake kutangazwa ipasavyo. Waandaaji wanaweza kuupa mzunguko huo kikao chake, mikeka ikapunguzwa, kila anayeingia akatambulishwa na watazamaji wakaelezwa anapigania nini. Gharama yake ni saa chache za Ijumaa alasiri, na hakuna bingwa hata mmoja atakayepungukiwa na chochote kwa hilo.